Dodoso Lina Mwenyewe: Kutafuta Vipimo vya Saikolojia na Kupata Ruhusa ya Kuvitumia

Wanafunzi wengi wa uzamili hulipata dodoso lao mahali pamoja: kwenye kiambatisho cha tasnifu ya aliyewatangulia. Limechapwa upya, safu za majibu zimehama, swali la saba limemezwa na ukurasa, na chini hakuna jina wala mwaka. Aliyetangulia naye alilitoa kwa aliyemtangulia. Ukirudi nyuma hatua kwa hatua, mwisho unafika kwenye kipimo chenye mtunzi, toleo, mwongozo wa kukokotoa alama, na mara nyingine bei kwa dola. Hapo ndipo mtu anapogundua, majibu ya watu mia tatu yakiwa tayari kwenye kompyuta, kwamba alichotumia kilihitaji ruhusa ambayo hakuiomba, au kwamba alichokuwa nacho mkononi si kile kipimo bali kivuli chake.

Kazi ya kupitia mapendekezo ya utafiti imetufundisha kugeuza mpangilio wa maswali. Wengi huanza na "kipimo gani ni kizuri?" na suala la ruhusa huliweka wiki moja kabla ya kwenda uwandani. Sisi tunaanza na "ni cha nani?" Jibu la swali hilo ndilo linaloamua bajeti, ratiba, lugha utakayotumia, kama utakusanya majibu kwa karatasi au kwa simu, na kama utaweza kukiweka kipimo nyuma ya tasnifu yako. Kipimo kizuri usichoweza kukipata kwa halali hakikusaidii chochote.

Kuna kosa moja la msingi la kuliondoa mapema. Hakimiliki hailindi wazo. Hakuna mtu anayemiliki huzuni, wasiwasi au kujiamini. Kinacholindwa ni maneno ya maswali, mpangilio wake, maelekezo, na mwongozo wa alama. Wala ulinzi huo hauhitaji usajili, na kukosekana kwa ile alama ya herufi C ndani ya duara hakumaanishi kwamba kipimo ni cha bure. Kenya iliingia Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, kwa hiyo maandishi ya mtunzi wa Marekani au Denmark yanalindwa Dodoma na Kisumu kama yanavyolindwa kwao. Na kukiona kipimo kwenye intaneti si ruhusa ya kukitumia. Embe lililoning'inia nje ya ua bado ni la mwenye mwembe.

Kwa vitendo, vipimo huangukia makundi ambayo ukishayazoea unayatambua haraka. Kundi la kwanza ni vile ambavyo mwenyewe amekwisha kuviachia. PHQ-9, ya kupima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni kali, ni mfano bora: maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, jumla 0 hadi 27, na mipaka inayojulikana ya ukali wa dalili ya 5, 10, 15 na 20. Ilichapishwa mwaka 2001 kwa msaada wa kampuni ya dawa ya Pfizer, na imeandikwa wazi kwamba huhitaji ruhusa kuinakili, kuitafsiri wala kuisambaza. Ndugu yake GAD-7, ya wasiwasi, iliyotoka mwaka 2006, iko hivyohivyo. DASS-21 ya Australia, ya huzuni, wasiwasi na msongo, nayo ni mali ya umma, ingawa mwongozo wake unauzwa. Kwa tabia na haiba kuna hazina kubwa ya IPIP iliyoanzishwa na Lewis Goldberg, yenye vipengele zaidi ya 3,000 visivyo na malipo wala ombi.

Kundi la pili ni la bure lenye masharti, na hapa ndipo watu wanapojikwaa kwa sababu wanasoma neno "bure" na kuacha sentensi inayofuata. Kipimo cha Edinburgh cha huzuni baada ya kujifungua, cha mwaka 1987, chenye maswali 10, unaweza kukinakili bila kuandika barua, lakini kila nakala lazima ibebe majina ya watunzi, jina la makala na jarida lilikotoka. Nakala ngapi za Edinburgh zinazozunguka kliniki za mama na mtoto zina majina hayo? Kipimo cha msongo cha Sheldon Cohen, cha mwaka 1983, kiko wazi kwa utafiti wa kitaaluma usio wa faida, si kwa kampuni inayopima wafanyakazi wake. SDQ ya Robert Goodman, yenye vipengele 25 kuhusu tabia za watoto, unaipakua bure kwa karatasi, ila huruhusiwi kubadili neno hata moja, na kuiingiza kwenye kishikwambi ni jambo jingine linalohitaji kibali cha pekee. Mtafiti anayepanga kutumia KoboToolbox au ODK, programu za kukusanya data kwa simu au kishikwambi, anapaswa kulijua hilo kabla hajaandika msimbo wa kwanza wa fomu, si baada.

Kundi la tatu halisemi lolote. Kipimo kimechapwa ndani ya makala ya mwaka 1994, mtunzi yuko chuo fulani cha ng'ambo, na hakuna sentensi yoyote ya ruhusa. Hapo kuna barua ya kuandika, na tutaifikia.

Kundi la nne linauzwa. BDI-II ya Beck ya mwaka 1996, yenye vipengele 21, inauzwa na Pearson. Raven na familia yote ya vipimo vya akili vya Wechsler pia. Kipimo cha uchovu wa kazi cha Maslach, chenye vipengele 22, na kile cha Spielberger cha wasiwasi, chenye 40, leseni zake ziko Mind Garden. NEO ya haiba, yenye vipengele 240, iko PAR. Wachapishaji hawa hawauzi kwa kila mtu. Wana ngazi za sifa, kwa kawaida A, B na C, na ngazi ya C hudai shahada ya juu pamoja na mafunzo rasmi ya kutoa kipimo na kufasiri matokeo yake. Mwanafunzi mara nyingi hununua kwa jina la msimamizi mwenye sifa, naye msimamizi hujaza fomu na kuweka sahihi yake. Wengi wana punguzo kwa utafiti wa wanafunzi, lakini halijitokezi lenyewe kwenye bei. Uliza.

Tusidhani kwamba sababu ya kufungia vipimo ni fedha tu. Maswali ya Raven au ya Wechsler yakishazagaa, mtoto anayefanyiwa tathmini mwaka ujao anaweza kuwa ameyaona, na alama zake hazitakuwa na maana tena. Kipimo cha uwezo kikivuja hakina thamani zaidi ya mtihani wa taifa uliovuja. Ndiyo maana hata mwenye leseni haruhusiwi kuyaweka kwenye kiambatisho.

Hali ya kipimo hubadilika, na hili ndilo linalowaumiza hata wazoefu. MMSE, ya kupima kumbukumbu na utambuzi wa wazee, ilitoka mwaka 1975 na kwa miaka mingi madaktari waliinakili bila kuulizwa na mtu. Mwaka 2001 leseni yake ikaingia mikononi mwa PAR, na tangu hapo inauzwa kwa fomu. Baadaye kipimo kingine kifupi cha maswali kumi na sita, kilichotolewa bure na wengine, kiliondolewa mtandaoni kwa sababu ya mgogoro wa kufanana na MMSE. MoCA, kipimo kingine cha utambuzi kilichokuwa kikipakuliwa na yeyote, tangu mwaka 2019 inadai mafunzo na cheti. Kipimo cha Morisky cha ufuasi wa dawa, chenye maswali manane, kimewaletea watafiti wa nchi kadhaa madai ya malipo baada ya makala kutoka, na baadhi ya makala zikaondolewa majaridani. Kwa hiyo "fulani alikitumia mwaka 2012 bila shida" si ushahidi. Angalia ukurasa wa mwenye kipimo leo, na uhifadhi nakala yake ikiwa na tarehe.

Kuna pia mtego wa majina pacha. SF-36, ya kupima hali ya maisha kiafya, ipo ya RAND, shirika la utafiti la Marekani, ambayo ni bure, na ipo toleo la pili lenye leseni ya kibiashara. Maswali yanafanana mno. Ukiandika kwenye tasnifu "tulitumia SF-36" bila kusema ipi, umejifunga mwenyewe. Andika jina kamili, toleo na mwaka, kila mara.

Sasa kutafuta. Usianze na jina la kipimo ulilolisikia darasani. Anza na dhana, kundi la watu, na lugha: dalili za sonona, wajawazito wanaoishi na VVU, Kiswahili. Kwenye PubMed na Google Scholar, hazina za mtandaoni za makala za kitaaluma, andika dhana hiyo kwa Kiingereza, kisha ongeza "Swahili", halafu rudia kwa "Kiswahili", kwa kuwa waandishi hawakubaliani juu ya jina la lugha, na utafutaji mmoja hukosa makala nyingine. Ongeza jina la nchi. Utashangaa ni vingapi vimekwisha kupimwa kwetu. PHQ-9 ilijaribiwa kwa watu wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya na matokeo kuchapishwa mwaka 2009. SF-36 ya Kiswahili ilifanyiwa kazi Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1999. Orodha ya dalili ya Hopkins yenye vipengele 25 ilijaribiwa kwa wajawazito wenye VVU Dar es Salaam, makala ikatoka mwaka 2002, na hapo kuna somo la pekee: mpaka uliozoeleka kimataifa ni wastani wa 1.75, lakini kwa wanawake wale mpaka uliofaa ulikuwa 1.06. Anayechukua kipimo hicho pamoja na mpaka wa ugenini atawaacha nje wagonjwa wengi, na ripoti yake itasema tatizo ni dogo.

Makala ikishapatikana, soma sehemu ya mbinu polepole. Tafuta kitenzi. Wakiandika kwamba kipimo "kilirekebishwa kutoka" kwa fulani, hicho si kipimo cha asili, na makala ya fulani ndiyo unayoitaka. Fuata marejeo hadi makala ya kwanza kabisa. Humo chukua mambo haya: idadi ya vipengele, majibu na alama zake, kipindi kinachoulizwa (wiki mbili, mwezi, maisha yote), vipengele vinavyogeuzwa, na hesabu ya mwisho. Hesabu ya mwisho huharibu tafiti nyingi kuliko takwimu ngumu. Alama za DASS-21 huzidishwa kwa 2 kabla ya kulinganishwa na mipaka yake. Alama za WHO-5, ya kupima ustawi wa nafsi, ambazo jumla yake ni 0 hadi 25, huzidishwa kwa 4 ili zifike mia. Katika kipimo cha Rosenberg cha mwaka 1965 cha kujithamini, vipengele vitano kati ya kumi vimeandikwa kwa kinyume. Ukitumia majibu ya 1 hadi 4, alama mpya ya hivyo vitano ni 5 toa alama ya awali. Asiyegeuza hupata mgawo wa Cronbach, unaoonyesha jinsi vipengele vinavyokubaliana, mdogo ajabu, wakati mwingine hasi, kisha anailaumu sampuli.

Kwa vipimo ambavyo hujui mwenyewe, hazina kubwa ni PsycTests ya chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambayo kila ingizo linaeleza ruhusa iliyopo, na kitabu cha mwaka cha vipimo cha kituo cha Buros, kilichoanza mwaka 1938, chenye uhakiki wa vipimo vya kuuzwa. Zote mbili ni za kulipia. Kabla hujakata tamaa, nenda kwa mkutubi wa chuo. Vyuo vingi vya Afrika Mashariki vinapata majarida kupitia Research4Life, na nywila anayo mkutubi, si msimamizi wako.

Kuhusu leseni za Creative Commons, ambazo mtunzi huzitumia kuruhusu kazi yake itumiwe na wengine, neno moja linatosha kukuokoa au kukuzamisha. Makala yenye CC BY inakuruhusu kutumia na kutafsiri ilimradi utaje chanzo. Ikiwa na herufi NC, kazi ya biashara hairuhusiwi. Ikiwa na ND, huruhusiwi kusambaza kazi iliyobadilishwa, na tafsiri ya Kiswahili ni kazi iliyobadilishwa. Tena soma maelezo chini ya jedwali: kipimo kikiwa kimewekwa mle kwa idhini ya mtu wa tatu, leseni ya makala haikihusu.

Barua. Kabla ya kuiandika, jua unayemwandikia ana mamlaka. Watunzi wengi walikabidhi hakimiliki kwa jarida siku makala ilipochapwa, kwa hiyo mtunzi anaweza kukujibu "tumia tu" kwa moyo mweupe, kumbe hana cha kukupa. Dalili ni mstari wa hakimiliki chini ya ukurasa wa kwanza. Ukitaja jarida au mchapishaji, tafuta kiungo cha kuomba ruhusa kwenye ukurasa wa makala yenyewe, na bado mwandikie mtunzi, kwa sababu yeye ndiye mwenye mwongozo wa alama na ndiye anayejua nani mwingine anatafsiri Kiswahili wakati huu. Usiwe wa pili kufanya kazi ambayo mwenzako wa Nairobi anaimaliza.

Iandike kwa lugha anayoijua, isizidi ukurasa mmoja, kwa anwani ya chuo. Maudhui yake yawe namna hii:

"Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika saikolojia, chuo fulani, Tanzania, msimamizi wangu ni fulani, ambaye nimemnakili barua hii. Naomba ruhusa ya kutumia kipimo chako (jina kamili, toleo, mwaka) katika utafiti usio wa kibiashara kuhusu msongo wa walimu wa shule za msingi. Washiriki watakuwa 300, pamoja na 30 wa majaribio, kati ya Machi na Juni. Naomba ruhusa kwa mambo manne: kukitumia; kukitafsiri kwa Kiswahili, endapo hakuna tafsiri unayoitambua; kukiingiza kwenye programu ya simu ya kukusanya data; na kuweka maswali yote katika kiambatisho cha tasnifu itakayowekwa mtandaoni na chuo. Endapo la nne haliwezekani, naomba kujua ni vipengele vingapi naweza kuonyesha kama mfano. Utafiti hauna mfadhili. Nitataja chanzo kama utakavyoelekeza na nitakutumia tafsiri na matokeo."

Yale mambo manne ndiyo roho ya barua. Ruhusa ya kutumia si ruhusa ya kutafsiri, ya kutafsiri si ya kidijitali, na zote hizo si ruhusa ya kuchapisha. Majibu mengi huja kwa mstari mmoja: "Bila shaka, kila la heri." Ni jibu la upendo, lakini limejibu swali la kwanza tu. Shukuru, kisha andika tena: "Naelewa kwamba ruhusa hii inajumuisha tafsiri na matumizi ya kishikwambi, tafadhali nithibitishie." Watu wetu huona aibu kuuliza mara ya pili kwa mkubwa aliyekwisha kusema ndiyo. Hapa aibu haina kazi; profesa yule hujibu barua za aina hii kila wiki na hatakuona msumbufu.

Ukimya nao si ruhusa, hata ukiandika "usiponijibu nitachukulia umekubali." Subiri siku 14, kumbusha mara moja kwa kuambatanisha barua ya kwanza, subiri tena. Barua ikirudi kwa sababu anwani imekufa, jambo la kawaida kwa makala ya miaka ishirini, tafuta makala yake mpya zaidi, wasifu wake wa ORCID (orodha ya mtandaoni ya watafiti), mtunzi mwenza mdogo ambaye pengine bado yuko kazini, au ofisi ya idara yake ya mwisho. Mtunzi akiwa amefariki, haki haijafa naye. Iko kwa warithi, chuo au mchapishaji. Panga miezi mitatu kwa shughuli yote hii, kabla ya kupeleka maombi kwa kamati ya maadili. Anayepanga wiki mbili anaishia kubadili kipimo katikati ya safari na kurudia sura ya tatu.

Kwa vipimo vya kuuzwa, hesabu leseni kwa matumizi, si kwa washiriki wa mwisho. Washiriki 300, majaribio 30, na wale wa kupimwa mara mbili ili kuona uthabiti wa majibu, kila mmoja ni tumizi. Walioanza wakaacha njiani nao wamo. Malipo ni kwa kadi au kwa ankara, na idara ya fedha ya chuo huchukua muda wake mtamu kulipa ng'ambo. Omba ankara ya awali mapema.

Kuna ruhusa za aina mbili ambazo watu huzichanganya kila mwaka. Cheti cha maadili kutoka kamati ya chuo au NIMR (taasisi ya utafiti wa magonjwa ya Tanzania), kibali cha utafiti cha COSTECH (tume ya sayansi ya Tanzania) au NACOSTI (ya Kenya), na barua za mkoa, wilaya na kata, vyote vinakuruhusu kufika kwa watu. Hakuna hata kimoja kinachokuruhusu kutumia maneno ya mtu. Na kinyume chake pia: barua ya profesa wa Marekani haikufungulii mlango wa zahanati ya Kilosa. Kamati nyingi zitataka dodoso kwa lugha zote mbili pamoja na ushahidi wa ruhusa, hivyo tafsiri lazima iwe imekamilika siku ya kuwasilisha.

Tafsiri ndiyo sehemu inayotugusa wenye Kiswahili kuliko wote, na ndiyo inayofanywa kwa haraka kuliko zote. Kwanza suala la umiliki: tafsiri iliyokwisha kufanywa na watafiti wa Kilifi au Mwanza ina kazi ya watu ndani yake. Unahitaji baraka za mwenye kipimo cha asili na za waliotafsiri. Baadhi ya wenye vipimo husema wazi kwamba tafsiri yoyote utakayofanya inakuwa mali yao, kubali ukijua.

Utaratibu unaoaminika ni huu: watafsiri wawili, wote wazawa wa Kiswahili, mmoja anayejua saikolojia na mwingine asiyeijua, kila mmoja peke yake. Kikao cha kuunganisha rasimu mbili kuwa moja. Mtu wa tatu ambaye hajawahi kuona kipimo cha Kiingereza anairudisha kwa Kiingereza. Kikao cha kulinganisha, neno kwa neno, huku mtu akiandika kila uamuzi na sababu yake. Kisha mazungumzo na watu kumi hivi wa kundi lilelile utakalochunguza: wasomee swali, waulize wameelewa nini, kwa maneno yao. Halafu majaribio ya 30 au zaidi. Kurudisha kwa Kiingereza peke yake hakutoshi, maana mrudishaji hodari husoma Kiswahili kibovu na kukinyoosha akilini, na Kiingereza kinarudi kizuri kabisa huku Kiswahili kikiwa hakieleweki sokoni.

Mitego ya lugha yetu tunaijua. "Sonona" ni neno sahihi kwa wataalamu, lakini muulize muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, kama ana sonona, atakuomba ulirudie. "Huzuni" analijua, ila kwake lina msiba ndani yake. "Msongo wa mawazo" limeenea kiasi kwamba linabeba kila kitu, kuanzia deni la vikoba hadi ugonjwa. "Wasiwasi" kwa mtu wa Pwani laweza kuwa shaka ya udhu, au mashaka juu ya mtu, kabla ya kuwa hofu isiyo na sababu. Usemi wa Kiingereza wa kujisikia "rangi ya bluu", uliomo katika orodha ya Hopkins, ukitafsiriwa kwa neno unaleta kicheko. "Moyo mzito" unakaribia, na mazungumzo na wale watu kumi ndiyo yatakayokuambia kama umefika. Wenzetu wa Zimbabwe waliokuwa wakisikia wagonjwa wakilalamika kuhusu "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, walitunga dodoso lao wenyewe la Kishona miaka ya 1990 wakianzia kwenye maneno ya wagonjwa. "Mawazo mengi" yetu yana undugu na neno hilo.

Maswali ya kukanusha ni hatari zaidi. Muulize Mswahili "Hukulala vizuri?" atakujibu "Ndiyo," akimaanisha kweli, sikulala. Msaidizi wa utafiti aliyefundishwa kwa Kiingereza ataweka alama upande usiofaa. Geuza swali liwe la kukubali ikiwa mwenye kipimo anaruhusu, asiporuhusu, msaidizi arudie jibu kwa sentensi nzima: "Kwa hiyo ulilala vibaya?" Na majibu ya ngazi nne kama "zaidi ya nusu ya siku" humlemea asiyezoea kuhesabu kwa kalenda. Funga wiki mbili kwa tukio: "tangu Ijumaa ya wiki juzi." Glasi nne zilizochorwa, tupu hadi kujaa, husaidia, lakini ni badiliko la kipimo, liandike na uliombee ruhusa.

Usidhani Kiswahili ni kimoja. Tafsiri ya Eldoret ipitiwe na watu wa Lindi kabla haijatumika Lindi, na ya Dar es Salaam haifai kupelekwa Bukavu ilivyo.

Kuhusu kubadili kipimo bila ruhusa, tunakutana mno na hili: mtu anaondoa swali la tisa la PHQ-9, linalohusu mawazo ya kujidhuru, kwa sababu kamati imeogopa, kisha anaendelea kuiita PHQ-9 na kutumia jumla ya 27. Toleo lisilo na swali hilo lipo rasmi, linaitwa PHQ-8, jumla yake ni 24, na mpaka wa 10 unabaki. Tumia hilo. Ukibaki na tisa, weka utaratibu siku ya kwanza: yeyote mwenye alama 1 au zaidi kwenye swali la tisa anazungumza siku ileile na mtaalamu aliyetajwa kwa jina kwenye pendekezo, na namba yake ya simu iko mfukoni mwa kila msaidizi.

Ikiwa ruhusa imekataliwa au bei imekushinda, karibu kila mara kuna mbadala. Badala ya BDI-II kuna PHQ-9. Badala ya Maslach kuna kipimo cha Copenhagen cha uchovu, cha mwaka 2005, vipengele 19, bure. Badala ya NEO kuna IPIP. Havifanani kabisa na vile vya kuuzwa, na mipaka ya kimoja haihamii kwa kingine, lakini kwa tasnifu nyingi vinatosha. Kutunga dodoso lako mwenyewe kuwe chaguo la mwisho. Wanaolikimbilia kwa kuogopa barua moja hugundua kwamba wamejitwisha utafiti mwingine mzima wa kuthibitisha dodoso hilo.

Wakati wa kuandika tasnifu, kipimo cha kuuzwa kisiwekwe chote kiambatishoni. Hazina ya chuo ikishaipandisha, umechapisha mali ya mtu duniani kote. Weka barua ya ruhusa, vipengele vya mfano kwa idadi uliyoruhusiwa (Mind Garden, kwa mfano, huruhusu vitatu), na maelezo ya kinakopatikana. Barua zenyewe zihifadhi kama faili za PDF, zikiwa na tarehe na anwani za pande zote, mahali pasipo kwenye barua pepe ya chuo. Jarida litazidai mwaka mmoja au miwili baada ya kuhitimu, na anwani ya mwanafunzi kwa kawaida hufungwa mapema kuliko hapo.